Mti Uliokatwa Mwezi Mchanga

Mwezi uliopita mjukuu wangu Godlisten alinipeleka mjini Moshi nikachague kabati. Kwenye karakana ile kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya kigoda, kitambaa mkononi, anaupaka mlango mafuta ya kitani. Harufu ile ikanikamata puani, nikaomba kiti. Godlisten akadhani ni sukari, akakimbilia soda. Nikamwambia, "Acha soda, mjukuu wangu. Baba yangu amepita hapa." Akanitazama vile watoto wa siku hizi wanavyotutazama tukianza mambo yetu. Basi sikumweleza. Nawaeleza ninyi wenzangu, mliolala juu ya majani makavu ya migomba na mnaojua kabuti la askari wa Keya lilikuwa zito kiasi gani.

Baba yangu aliitwa Aminieli. Tulikaa Mwika, juu kabisa, kihamba chetu, shamba la migomba la nyumbani, kikipakana na cha Mzee Kirenga upande wa mfereji na cha Bibi Ndeanaeli upande wa njia ya kanisani. Ng'ombe wetu aliitwa Kirurumo, mbuzi jike aliitwa Sanya, na mbwa hakuwa na jina kwa sababu mbwa kwetu hawakudumu. Watoto tulikuwa wawili. Kaka yangu Ndekirwa alikuwa ameshakwenda Korogwe kwenye mkonge, nyumbani nikabaki mimi, Mkunde. Kwa ajili ya kaka huyo watu wote walimwita baba Baba Ndekirwa, na mama Mama Ndekirwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyethubutu kumwita baba Aminieli mbele za watu, naye ni Fundi Ndesario.

Wale wawili walikwenda pamoja vita vya Wazungu, katika Keya, jeshi la Mwingereza, wakafika mpaka Bama, ng'ambo ya bahari. Baba alibeba bunduki. Ndesario alikaa kwenye banda la kutengeneza bunduki zilizoharibika, na baba alipenda kumtania kwamba yeye vita alivisikia kwa masikio tu. "Ningekuwa mbele," Ndesario alimjibu kila mara, "nani angekurekebishia ile uliyoidondosha mtoni?" Waliporudi, baba akalima kahawa, na Ndesario akawa seremala. Alitengeneza milango, vitanda, mabenchi ya kanisa na mizinga ya nyuki.

Uhuru ulipokuja, Mzungu mmoja aliyekuwa na shamba kule chini, sisi tulimwita Bwana Miwani, aliuza kila kitu akarudi kwao. Baba aliwahi kuwa mnyapara wake. Siku ya kuagana akamwachia bunduki ya kijeshi, kuukuu, iliyokaa miaka stoo ya kahawa ikizuia mlango usipigwe na upepo. Polisi wakaandika leseni kwa jina la baba, wakampa mkono. Hao hao polisi ndio waliokuja kuichukua baada ya msiba wetu, na ilikokwenda sijui mpaka leo. Siwalaumu, sheria ndivyo ilivyokuwa. Ila natamani wangejua walikuwa wamebeba nini.

Ilipofika nyumbani ilikuwa kitu cha kuchekwa. Mchwa walikuwa wamekula kitako. Mti wa mbele, ule uliofunika mtutu mpaka karibu na mdomo, ulikuwa umepasuka na kufungwa waya. Kutu ilikuwa imepanda kila mahali. Mama aliiangalia akasema, "Umetuletea kuni, Baba Ndekirwa?"

"Kuni gani? Huyu ni askari mwenzangu. Amechakaa tu."

Baba hakuitaka kwa kujionyesha. Wenzangu mnajua maisha ya mlimani: ndizi za kihambani ni za leo, lakini mahindi ya shamba la chini ndiyo yanayokuvusha kiangazi. Shamba letu la chini lilikuwa mbele ya Himo, kwenye joto, na huko adui alikuwa nyani. Nyani hana haja ya kungoja giza. Anakuja jua likiwa juu, na anakutazama kwanza ajue wewe ni nani. Akiona mwanaume, anakaa mbali. Akiona mwanamke na mtoto wanapiga debe, anaendelea kula. Mama na mimi tulipiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi, na wao wanatutazama kama watu walioletewa ngoma kwenye karamu. Dume lao moja, kubwa, lenye mabega, lilitangulia kila siku na kula la kwanza. Watu wa mashamba yale wakalipa jina la Diwani. Msimu uliotangulia, Diwani na watu wake walituachia mabua tu, tukala kiangazi kile kwa kuomba. Mwaka wa namna hiyo mara mbili mfululizo tusingeuweza.

"Mwaka huu," baba akasema, "Diwani atakutana na askari wa Keya."

Fundi Ndesario alikuja kuiona. Aliilaza magotini, akaipapasa kama daktari anavyopapasa tumbo la mtoto. "Hii imetengenezwa kupigana na watu," akasema. "Ndefu, nzito, imevaa mti juu na chini kama mtu aliyevaa makoti mawili. Ya kuwindia inavaa shati tu. Nitaivua, Aminieli. Nitakata hapa, nitatoa hivi vyuma vya kufungia singe, nitakuchongea kitako kipya. Lakini mti mzuri lazima ukauke juu ya moto misimu miwili."

"Sina misimu miwili. Nataka kabla ya mahindi haya."

Wakati huo koo la baba lilikuwa limeshaanza kukataa nyama. Alikula polepole, akanywa maji baada ya kila tonge, na mimi nilidhani ni adabu aliyojifunza jeshini.

Mti waliouchagua ni mringaringa uliosimama mpakani, ulipandwa na babu. Naikumbuka siku ile kwa sababu walibishana. Fundi alishika shoka, akatazama juu, akalishusha. "Mwezi ni mchanga. Mti ukikatwa sasa una maji mpaka kwenye kiini. Tusubiri uzeeke."

"Ukate, Ndesario. Mahindi hayatasubiri mwezi."

Akaukata. Kipande kilichopasuliwa wakakiweka darini, juu ya mafiga ya mama, penye moshi, pale tulipokaushia ndizi za unga. Kikakaa huko tangu mwisho wa kuchuma kahawa mpaka mvua za masika. Mama alilalamika kwamba kinamdondoshea majimaji kwenye chungu. "Leo tunakula mchuzi wa bunduki," alisema, na baba akacheka. Nilipenda akicheka, mabega yake yote yalicheka.

Mvua zilipokolea Fundi akaanza kuchonga. Nilimfuata baba kwenye banda lile siku nyingi, na sikufanya kazi yoyote ila kutazama. Kwanza alikitoa chuma kutu kwa mafuta ya taa, jivu na kipande cha gunia, mpaka kikawa na rangi ya mawingu. Halafu ndipo nikaona jambo ambalo sijaliona tena popote. Alichanganya masizi ya chungu na mafuta ya kondoo, akakipaka chuma, akakilaza juu ya mti, akakikandamiza, akakiinua. Palipobaki weusi akapakwangua kidogo kwa patasi. Akapaka tena, akalaza tena, akakwangua tena. Siku nzima hivyo. Mwisho chuma kilikaa ndani ya mti kama mbegu ndani ya parachichi, hupitishi hata unywele. Akasugua kwa msasa, akapaka mafuta ya kitani aliyoyatoa stoo ya Bwana Miwani, akasugua kwa kiganja mpaka mti ukawa na joto. Mringaringa ukatoa rangi yake, kahawia yenye michirizi kama asali inayomwagika. Mimi nilidhani sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na nadhani nilikuwa sahihi.

Kisha akampima baba kwa uzi, kutoka kunjo la kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia. "Mhindi wa mjini anakushonea suti, mimi nakushonea bunduki," akasema. Akakata kitako kwa msumeno, akampa. "Simama vizuri. Fumba macho. Inua begani. Sasa fumbua. Unaona nini?"

"Naona kijino cha kulengea kimekaa katikati, kimetulia kama mtoto kwenye mbeleko."

"Basi ni yako. Mtu mwingine akiishika itambana au itamsukuma. Aika, mbe," akasema, ndivyo tunavyoshukuru kwetu, akainama kama mtu anayekabidhi ng'ombe wa mahari.

Baada ya hapo baba alipelekwa hospitali mjini. Alilala huko muda. Aliporudi, mama alikuwa na uso ambao hakuwa nao alipoondoka, na baba hakula tena kitu kigumu. Mama alimpikia mtori wa ndizi na nyama, akauchuja kwa kitambaa, akauongezea maji, akauchuja tena. Mimi nikapewa nyama ya mtori wa baba, na nikaona huo ni upendeleo.

Siku alipopata nguvu ya kutoka tukaenda bandani kwa Fundi. Baba akafumba macho, akainua, akafumbua. Akashusha, akainua tena.

"Imekuwa ndefu," akasema. "Inanisukuma."

Fundi hakumtazama baba. Aliutazama mti. Aliugeuza upande huu na upande huu, akapitisha kidole, mvua inapiga juu ya majani ya banda, na mimi nikadhani hajasikia.

"Ni mti huu," akasema mwisho. "Nilikuambia mwezi ulikuwa mchanga. Bado unakua."

Baba akamtazama muda mrefu. "Unakua."

"Unakua, ndugu yangu."

"Basi ukate."

Fundi akakata kipande chembamba kama slesi ya mkate, kikadondoka miguuni pangu.

Sasa msinicheke. Nani kati yenu, mtoto wa mlimani, angeona ajabu? Kwetu kila mti ukichomekwa unaota. Masale, ile miti myembamba ya mpakani, yalikatwa, yakatupwa, yakaota yalipoangukia. Nguzo za zizi la Sanya zilichipua majani, baba akayachuma akampa Sanya mwenyewe ale. Kwa nini basi mti wa bunduki, uliokatwa na maji yake, usiendelee kukua? Niliamini moja kwa moja. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchota maji mferejini, nilikwenda kwenye kona iliposimama bunduki nikatafuta chipukizi. Nilinusa. Nilikwaruza kwa ukucha nione kama kuna kijani. Na hata nisipoona kitu, nilijua unakua kwa siri, kwa sababu kila baba alipoiinua ilimsukuma zaidi.

Nikauchukia mti ule. Nilimwambia mama, "Urudishe darini ufe."

"Siwezi kuushika, mwanangu." Kwetu mwanamke hagusi mkuki wa mume wake, wala hauvuki ukiwa chini. Mama aliihesabu bunduki ile kuwa mkuki. Alipofagia alifagia kuizunguka, ikabaki imesimama kwenye duara la vumbi. Mimi mtoto sikuhesabiwa, niliweza kuigusa. Nikafikiri cha kufanya. Nikakumbuka Bibi Ndeanaeli alimwaga magadi kwenye mzizi wa mti uliomkera, ukakauka. Nikachukua magadi ya mama ya kupikia maharage, nikayalowanisha, nikakipaka kitako, nikakipaka vizuri kwa kiganja, vile Fundi alivyopaka mafuta ya kitani.

Siku iliyofuata Fundi akaja nyumbani, kwa sababu sasa baba hakuweza kupanda mpaka bandani kwake. Alikuja na msumeno, randa na kekee mfukoni. Akaitazama bunduki, akanusa kitako, akalamba kidole.

"Nani ameutia mti huu magadi?"

"Mimi," nikasema.

"Ulitaka kuupikia maharage?"

"Nataka ufe. Ukifa hautamsukuma baba."

Mama alikuwa mafigani akikoroga. Mwiko ukasimama. Baba, aliyekuwa ameegemea mto kitandani, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa muda mrefu kabla hakijamwachia. Alipopata pumzi akasema, "Mwache aweke. Labda utamsikia yeye."

Siku ile Fundi alikata tena kitako. Alipunguza shavu la mti. Alitoboa kitako kwa ndani kwa kekee, akakifanya tupu kama anavyotoboa mzinga, ili uzito upungue. Mti wa mbele aliuranda mpaka ukawa mwembamba kama kifundo cha mkono wangu. Kila alipompa baba, baba aliinua, na kila alipoinua mdomo wa mtutu uliinama wenyewe kuelekea sakafuni.

"Punguza," baba akasema.

"Mti umekwisha, Aminieli. Kilichobaki ni chuma."

"Kipunguze chuma."

"Nimeshakata kiganja kizima cha mtutu. Nikikata zaidi haitalenga."

"Chuma hakisikii magadi," baba akasema, akanikonyeza mimi.

Ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Chuma hakikuwa kimekatwa mwezi mchanga. Chuma hakioti. Kwa nini nacho kimekuwa kizito? Nilibaki na swali hilo, sikumuuliza mtu. Fundi alipotoka nilimfuata mpaka kwenye masale ya njiani, nikamwona amesimama, ameshika shina la sale, hafanyi kitu. Nikarudi.

Huko chini mahindi yakaanza kutoa ndevu. Mzee Kirenga, jirani wa mferejini, ambaye shamba lake lilipakana na letu hata kule chini, alipita kila jioni. "Shikamoo si yangu, wewe ni mdogo wangu," alimtania baba, "lakini mwaka huu nitakuamkia mimi. Askari wetu, lini? Diwani ameshaanza kukagua."

"Wiki hii," baba akamjibu. Wiki iliyofuata akamjibu hivyo hivyo. Mzee Kirenga akaacha kuuliza, akawa anapita anasema tu, "Pole na hali." Hilo lilimuuma baba kuliko swali. Siku moja, Mzee Kirenga alipokwisha pita, baba akashusha miguu kutoka kitandani akasema, "Kesho nashuka."

"Utashuka na miguu ya nani?" mama akamuuliza.

"Ya lori."

Mama hakubisha. Nilitaka abishe. Asubuhi alimnawisha uso, akamvalisha shati, halafu akaleta kabuti la Keya, maana baba sasa aliona baridi hata jua likiwaka. Lilikuwa la sufu nzito, vifungo vya shaba, na nililijua tangu nazaliwa, nilishawahi kulala ndani ya mikono yake mvua ikinyesha. Baba alikuwa akilijaza. Mama alipomvalisha, mikono ikaficha vidole vyake. Mabega yakaanguka. Mama akalikunja mbele mara mbili kama khanga, akamfunga kamba ya katani kiunoni.

Fundi Ndesario alikuwa mlangoni, bunduki mkononi, anasubiri. Nikamuuliza, na niliuliza kwa kutaka kujua kweli, "Fundi, na kabuti nalo lilikatwa mwezi mchanga?"

Mama aliinama akakaza kamba iliyokwisha kazwa. Fundi akatazama migomba. Na baba akanitazama mimi, hakukonyeza, hakucheka, akanitazama tu mpaka nikaelewa kwamba hakuna kitu katika nyumba ile kilichokuwa kinakua.

Tulipanda lori la ndizi lililokuwa linashuka Himo. Dereva alimweka baba mbele, sisi watatu nyuma juu ya mikungu. Alitushusha njiani, akasema atatupitia akirudi. Kutoka pale mpaka shambani ni mwendo mdogo, lakini Fundi alimbeba baba mgongoni, na mama akabeba kigoda na chupa ya uji. Bunduki nilibeba mimi, mikononi, kama mtu anavyobeba kuni, kwa sababu mama asingeishika na Fundi mikono yake ilikuwa imejaa. Nilihisi jinsi mti ulivyokuwa mwepesi, na chuma kilivyokuwa kizito.

Mahindi yalikuwa mazuri mwaka ule. Nitawaambia ukweli, sijaona tena mahindi kama yale. Tulimketisha baba kwenye kigoda, kivulini mwa mgunga, akitazama upande wanakotokea. Fundi akaweka risasi, akakoki, akampa. Tukangoja.

Walikuja jua lilipokuwa utosini. Kwanza tuliona mabua yakitikisika upande wa Mzee Kirenga, halafu vichwa, halafu akatokea Diwani, anatembea wazi kwenye mtaro kama mwenye shamba. Akatuona. Akakaa. Nyani wanaijua bunduki, wenzangu, na walipoiona wenzake walirudi nyuma. Diwani alibaki. Alimtazama baba, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Sasa, Aminieli," Fundi akanong'ona. "Fumba macho. Inua."

Baba akafumba macho. Akainua. Mtutu ukafika usawa wa goti, ukatetemeka, ukashuka. Akainua tena. Fundi akapiga magoti mbele yake, akamgeuzia mgongo, akasema, "Uweke begani kwangu." Akauweka. Sasa mtutu ulisimama, lakini kitako kikawa kinateleza kifuani, kidole kikafika kwenye kifyatulio kikagusa, kikavuta, na hakuna kilichotokea. Hakuwa na nguvu ya kukivuta. Nilimwona anavuta. Nilimwona anavuta kwa mwili wote, kwa meno, mishipa ya shingo imesimama, na kile kichuma kidogo hakikusogea.

Diwani akanyoosha mkono, akavunja hindi la kwanza.

"Nivutie," baba akasema.

"Kutoka hapa nilipo siwezi kulenga, ndugu yangu," Fundi akamjibu, bado amepiga magoti, mgongo umegeuka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Baba akashusha. Akapumua. Halafu akasema, "Mama Ndekirwa, njoo hapa."

Mama akaja.

"Ishike."

"Siwezi."

"Ishike, mke wangu. Mimi ndiye nimesema."

Akaishika. Ilikuwa mara ya kwanza mikono yake kugusa kitu kile. Baba akamwelekeza, kwa sauti iliyokuwa imebaki nusu. Weka mguu huu mbele. Fumba macho. Inua begani. Mama akainua, na wenzangu, mama aliinua kama mtu anayeinua mtoto wake mwenyewe. Kitako kiliingia begani kikatulia. Shavu lake likalala juu ya mringaringa pale pale Fundi alipopachonga. Ukubwa ule ulimtosha mama. Fundi alikuwa amegeuka sasa, akaona, akaziba mdomo kwa mkono.

"Fumbua," baba akasema. "Unaona nini?"

Mama akafumbua. Mtutu haukutetemeka hata kidogo. Mbele yake Diwani alikuwa amekaa, anamenya hindi, karibu kiasi kwamba niliona ndevu za mahindi zimemnasa kwenye manyoya ya kidevu. Mama alikaa hivyo muda mrefu. Hata mimi niliona amemwona.

"Sioni kitu," akasema.

"Huoni?"

"Sioni, Baba Ndekirwa. Bado ni ndefu kwangu. Ni yako."

Akaishusha, akamrudishia magotini, akamrekebishia kola ya kabuti. Baba akautazama uso wake, halafu akatazama shamba. Wale wengine walikuwa wameshajua, walikuwa wanarudi mmoja mmoja, na majike yenye watoto waliong'ang'ania tumboni yakaingia katikati kabisa.

"Basi karibu, Diwani," baba akasema. "Kula, mheshimiwa. Ukimaliza tuambie."

Fundi akacheka, akilia. Mama akammiminia baba uji kwenye kifuniko cha chupa, akampa kidogo kidogo, akisubiri kila funda lishuke. Hatukupiga debe. Hatukutupa jiwe. Tulikaa pale kivulini, watu wanne na bunduki iliyokokiwa, tukawasikiliza wakivunja mahindi yetu, mpaka lori likapiga honi barabarani.